Tumeshatoa advansi ya X-Trail, lakini moyo wangu unasita

BARUA

Mzee, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbezi hapa Dar es Salaam. Nafundisha sekondari, na mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Kwao ni Njombe, na kila Desemba lazima twende. Mwaka huu safari ni ya watu saba, kwa sababu mama mkwe yuko kwetu tangu Machi kwa matibabu ya macho na tutamrudisha nyumbani, halafu kuna dada anayetusaidia kazi.

Nikueleze kwanza kwa nini naogopa. Gari letu la kwanza lilitufia njiani miaka miwili iliyopita tukitoka huko huko. Tulikuwa tumeshashuka mlima wa Kitonga salama, tumepita mji wa Mikumi, tukaingia hifadhini kama saa mbili usiku. Mara gari likaanza kunguruma, mshale wa mzunguko wa injini unapanda lakini gari haliendi. Likapunguza, likapunguza, mwisho likasimama. Mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka miwili. Tulifunga vioo tukakaa na joto lile, tunasikia matawi yanavunjika gizani upande wa kushoto wa barabara, na mume wangu anatuambia tusiongee. Aliyetuokoa ni dereva wa lori la mbao, alituvuta mpaka Doma. Fundi alipofungua akasema giaboksi imekwisha, na kwamba waliotufanyia sevisi mara ya mwisho waliweka oili isiyo yake. Gari tuliliuza kwa bei ya vyuma.

Sasa tumejikusanya tena. Mkopo wangu wa SACCOS ni milioni 20, na akiba ya duka imetufikisha milioni 34. Mume wangu ameona Nissan X-Trail ya 2015 kwenye yadi, nyeusi, ya siti saba, bado haijasajiliwa. Dashibodi inasoma kilomita 61,000. Wanataka milioni 33 pamoja na usajili, wakati za mwaka huo sehemu nyingine tuliambiwa kuanzia 37. Akafurahi, akatoa advansi ya milioni moja siku ile ile. Tukishindwa kumalizia mwisho wa mwezi, wanasema advansi imeliwa.

Nilipokwenda kuliona, muuzaji alituruhusu kuliendesha kutoka ukutani mpaka getini na kurudi, eti kwa sababu halina namba. Nikamuuliza oili ya giaboksi ilibadilishwa lini. Akacheka, akasema hiyo ni oili ya maisha, haibadilishwi. Tangu hapo sina amani.

Shemeji anasema tukimbie CVT, ile aina ya giaboksi iliyo kwenye X-Trail, tuchukue Toyota Vanguard ya 2008, namba D, ambayo dalali anaiuza kwa niaba ya mtumishi aliyehamishwa, milioni 29. Mwalimu mwenzangu naye anasifia Mazda CX-5 ya dizeli, anasema inakunywa kidogo sana. Mimi magari siyajui, lakini usiku ule wa Mikumi naujua. Naomba unisaidie kama unavyomsaidia binti yako. Tuchukue lipi? Na hiyo milioni moja tuiache?

Mama Watatu, Mbezi

JIBU

Marahaba, binti yangu. Poleni sana kwa usiku ule. Nilipofika pale uliposema mshale unapanda na gari haliendi, nilijua tunazungumzia nini. Wewe umeuliza gari lipi. Mimi nitaanza na giaboksi, maana ndiyo iliyowalaza porini, na ndiyo itakayoamua hizi milioni 34 zitawafikisha Njombe au hazitawafikisha.

X-Trail mliyoiona ni ya umbo linaloitwa T32, lililoingia sokoni Japani Desemba 2013. Injini yake ni lita 2.0, nguvu za farasi 147. Injini hiyo sina ugomvi nayo. Inatumia cheni ya taimingi, si mkanda, na ikibadilishiwa oili kwa wakati inakaa. Kazi iko kwenye giaboksi yake, CVT inayotengenezwa na Jatco.

CVT haina gia moja, mbili, tatu kama tulivyozoea. Ndani yake kuna puli mbili, na katikati mkanda wa chuma. Puli zinajibana na kujiachia, na hivyo ndivyo mwendo unavyobadilika bila kusikia gia ikiingia. Kinachozibana ni presha ya oili. Oili ikichoka, au ikiwekwa isiyo yake, presha inashuka, mkanda unateleza juu ya puli, puli inachunika, na ule unga wa chuma unazunguka na oili mpaka unaziba vijia vyembamba vinavyopeleka presha. Hapo presha inazidi kushuka, mkanda unazidi kuteleza. Ndicho kilichowapata ninyi. Mshale ulipanda kwa sababu injini ilikuwa inafanya kazi yake. Nguvu ndiyo haikufika kwenye matairi.

Udhaifu wa giaboksi hizi si maneno ya vijiweni. Marekani, ambako X-Trail ya umbo hili inaitwa Rogue, Nissan iliongeza dhamana ya giaboksi za Rogue za 2014 hadi 2018 ikafika miezi 84 au maili 84,000, baada ya wateja kwenda mahakamani. Maili 84,000 ni kama kilomita 135,000. Kampuni haiongezi dhamana ya kitu kisicho na shida.

Lakini sitaki ukimbie kwa hofu tu. Zipo X-Trail za aina hii ninazozihudumia mwenyewe, zimevuka kilomita 180,000 na giaboksi ni ile ile ya kiwandani. Wenye magari hayo wanafanana kwa jambo moja: kila kilomita 40,000 wanabadilisha oili ya giaboksi, na wanaweka NS-3 yenyewe, oili ya Nissan ya CVT, hawaweki ATF, ile oili ya otomatiki za kawaida, wala "inafanana nayo tu". Wengi wao hawapandi milima mirefu na mzigo.

Ndiyo maana jibu la yule muuzaji, kwamba ni oili ya maisha, limenikera. Maisha ya nani? Mmiliki wa kwanza Japani anaweza kukaa na gari miaka mitano akaliuza, giaboksi ikiwa bado nzima. Oili ile ile inapanda meli, inakuja kwenye joto la Dar, inakaa kwenye foleni ya Kimara asubuhi na jioni. Ukiliuliza gari lolote la CVT oili yake ilibadilishwa lini na hakuna anayejua, hesabu kwamba haijawahi kubadilishwa.

Sasa Kitonga. Ule mlima unaujua: unapanda kutoka Ruaha Mbuyuni kuelekea Ilula, kona baada ya kona, na mbele yako lori linatambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Huwezi kulipita. Unakwenda, unasimama, unakwenda. Watu saba ndani, mabegi, AC imewashwa. Hakuna kinachopasha oili ya CVT moto kama hali hiyo. Ikizidi kiwango, kompyuta ya gari inapunguza nguvu yenyewe ili kuokoa giaboksi, na wewe unabaki unakanyaga mafuta gari halivuti, nyuma yako basi linapiga honi. Gari likipumzika nusu saa linarudi kama kawaida, na wengi hudanganyika kwamba limepona.

Na kuna suala la hizo siti saba. Siti za nyuma kabisa za X-Trail ni za watoto. Mkiziinua, buti inayobaki inatosha vibegi vidogo tu. Mtakwenda na mizigo ya sikukuu na mtarudi na viazi, mahindi na parachichi, hilo nalijua. Kwa hiyo hata mkichukua gari gani kati ya haya, mizigo mikubwa itangulizeni kwa basi. Gari la familia la ukubwa huu halikuumbwa kubeba watu saba na gunia la viazi kwa pamoja kwenye mlima.

Shemeji yako amekushauri kwa nia njema, ila anadhani amekukimbiza CVT. Hajakukimbiza. Vanguard ya injini ya 2.4 nayo ina CVT. Tofauti ni kwamba CVT hiyo ya Toyota, kwa niliyoyaona gereji, inavumilia zaidi, na injini ya 2.4 ina nguvu 170, kwa hiyo haihangaiki sana kupandisha watu saba. Nayo inataka oili yake iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na inataka ibadilishwe.

Vanguard ina ugonjwa wake mwingine, nao uko kwenye injini. Inaitwa 2AZ-FE, na za miaka ile zinajulikana kwa kula oili: ringi za pistoni zinashikwa na masizi, oili inapita juu na kuungua pamoja na petroli. RAV4 ya wakati huo ni ndugu yake wa damu, na Marekani Toyota ilizitengenezea RAV4 za 2006 hadi 2008 tatizo hili kwa gharama zake. Hiyo ya 2008 mnayouziwa iko ndani ya miaka hiyo. Injini inayokula oili haifi leo. Inakufa siku mwenye gari aliposahau kuangalia kijiti, na mara nyingi siku hiyo ni ya safari ndefu.

Kwa hiyo nenda ukaione asubuhi, kabla haijawashwa. Mwambie dalali kabisa kwamba ukikuta injini ya moto unaondoka. Gari liwe pasipo mteremko, chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, au nyeusi na nzito kama lami, umeshapata jibu la kwanza. Kisha fungua buti, angalia pembeni ya tairi la spea. Ukikuta dumu la oili limebaki nusu, muulize linafanya kazi gani humo. Nimekuta madumu hayo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara muuzaji anasema limesahauliwa. Mwisho, gari likishapata moto, liache linguruma lenyewe dakika kumi, halafu mtu akanyage mafuta mara moja kwa nguvu huku wewe umesimama nyuma. Moshi wa bluu ukitoka, hiyo ni oili inaungua. Usiinunue hata wakishusha bei.

Mazda CX-5 ya dizeli sitaiongelea sana. Ni gari zuri, na giaboksi yake ni otomatiki ya gia sita, si CVT. Lakini ina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo linajisafisha gari likitembea mwendo mrefu bila kusimama. Wewe ni wa Mbezi kwenda shule na kurudi. Kwenye safari fupi kama hizo usafishaji unakatika njiani, na dizeli inateremka inachanganyika na oili ya injini. Wajapani wenyewe waliweka alama ya X kwenye kijiti cha oili, juu ya alama ya kujaa, ili mwenye gari ajue oili ikipanda kufika hapo ni dizeli imeingia. Mwalimu mwenzako kama anasafiri mikoani kila wiki, inamfaa. Wewe iache. CX-5 ya petroli ningekuruhusu, ila ina siti tano.

Basi nikujibu kama ulivyoomba, kama binti yangu. X-Trail hiyo, kwa hali mliyoonyeshwa, usiimalizie. Sisemi X-Trail zote, nasema hiyo: iko chini ya bei ya wenzake kwa milioni nne, muuzaji hataki iendeshwe, na oili ya giaboksi haijulikani. Ukipata giaboksi mbovu, huenda hizo milioni nne zisitoshe kuitengeneza ikatengenezeka. Watakwambia kuna giaboksi za mtumba Gerezani. Zipo, ila nayo ni mbuzi kwenye gunia, maana huijui ilitoka kwenye gari lililotembea kilomita ngapi.

Vanguard ichukue iwapo itapita vipimo viwili, cha oili nilichokueleza na cha giaboksi nitakachokueleza sasa hivi. Ikishindwa kimoja, tafuteni Toyota Kluger ya 2.4 yenye siti za watu saba. Ni ya zamani zaidi, za umbo hilo ziliishia 2007, na injini ni ile ile ya 2AZ-FE kwa hiyo kipimo cha oili ni kile kile. Lakini giaboksi yake ni otomatiki ya kawaida ya gia nne, mafundi wetu wanaijua ndani nje, na Kitonga inapanda bila maneno. Najua wengi watakutajia tako la nyani. Harrier ile ni nzuri na giaboksi yake ya 2.4 nayo ni ya gia nne, ila ina siti tano, na mama mkwe hawezi kupakatwa.

Kipimo cha giaboksi kinataka muda, na hapa ndipo watu wengi wanapopigwa. Giaboksi mbovu ikiwa baridi inakwenda kama mpya. Kutoka ukutani mpaka getini hujapima kitu. Mwaka jana nilimsindikiza mteja kununua gari la CVT, aina yake sitaitaja. Dakika ishirini za kwanza lilikuwa linateleza kama siagi, yeye ameshatoa simu aanze kuhamisha pesa. Nikamwambia subiri, tuingie kwenye foleni. Tulikaa foleni ya Mwenge karibu nusu saa, tukatoka kuelekea Goba. Kwenye kupanda, mwendo wa kama 40, nikaanza kulisikia kwenye unyayo kabla ya kulisikia masikioni: kutetemeka kwa haraka haraka, kama gari linapita juu ya rasta za barabarani. Nikaangalia lami mbele na nyuma, hakuna rasta hata moja. Nikaongeza mafuta kidogo, mshale ukaruka, gari likachelewa kufuata. Tulipochomeka mashine ya kupimia ikatoa kosa lililokuwa limehifadhiwa ndani, ingawa kwenye dashibodi hapakuwa na taa yoyote. Ilibaki kidogo tu alinunue.

Fanyeni hivyo hivyo. Saa nzima, foleni na mlima, AC imewashwa, watu wazima wanne ndani. Mkishafika juu, simameni pasipo mteremko, weka rivasi bila kukanyaga mafuta na uhesabu. Ikizidi sekunde mbili bila gari kushika, au ikishika kwa kishindo, hiyo si nzima. Sikiliza pia mlio kama wa mluzi unaopanda kadiri mwendo unavyopanda. Halafu fundi apime kwa mashine inayoingia mpaka kwenye kompyuta ya giaboksi, kwa sababu zile ndogo za bei nafuu zinasoma injini tu. Kwenye Nissan, ikitokea P17F0 au P17F1, hiyo ndiyo kumbukumbu ya mtetemo ninaousema. Mwisho, fundi achote oili ya giaboksi kidogo aidondoshe kwenye karatasi nyeupe. Ikinuka kuungua, au ikiacha chembe zinazometameta, rudisha ufunguo.

Muuzaji akisema gari halina namba haliwezi kutoka, mwambie kwa upole kwamba basi na zile milioni 32 zilizobaki haziwezi kutoka.

Kuhusu zile kilomita 61,000. Inawezekana ni za kweli, maana Wajapani wengi wa mjini wanapanda treni na gari linakaa. Lakini usiiamini dashibodi peke yake. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye fremu ya mlango, au fungua boneti. Gereji za Japani hubandika stika ndogo kila zinapobadilisha oili, na juu yake wanaandika tarehe na kilomita kwa tarakimu hizi hizi tunazosoma sisi. Mwaka unaweza kuwa umeandikwa kwa hesabu yao ya mfalme. Ukiona 27 au 30 na hujui ni nini, jumlisha 1988: 27 inakuwa 2015, 30 inakuwa 2018. Kuanzia Mei 2019 wamehesabu upya kuanzia 1, hiyo unajumlisha 2018. Stika ikisema kilomita 85,000 mwaka 2018 na dashibodi inasema 61,000 leo, umeshajua. Na kama stika haipo, pitisha kidole pale inapokaa. Gundi mbichi inayonata ina maana kuna mtu aliibandua juzi.

Waombe pia karatasi ya mnada wa Japani, ile yenye mchoro wa gari na alama. Daraja 4 au 4.5 ni gari lililotunzwa, 3.5 lina mikwaruzo ya kawaida, na R au RA ni lililogongwa likatengenezwa. Namba ya chesisi kwenye karatasi ifanane na ya kwenye gari. Yadi iliyonunua mnadani yenyewe haipaswi kukosa karatasi hiyo.

Vanguard kwa kuwa imeshasajiliwa, kazi ni tofauti. Msimalizane na dalali. Ongeeni na mwenye jina lililoko kwenye kadi, hata kama amehamishiwa Kigoma, na kadi yenyewe muione kwa macho, si picha ya kwenye simu. Siku hizi kadi nyingi ziko kwa wakopeshaji wa kausha damu, gari linauzwa huku limeshawekwa rehani. Angalieni deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA kabla pesa yote haijatoka. Ikipita vipimo kwa bei ya 29, mnabaki na milioni tano, au nne kama ile advansi haikurudi. Msizitumie kwa rimu wala redio. Kwanza oili ya injini, oili ya giaboksi, plagi, maji ya rejeta, breki na matairi, halafu kinachobaki kikae.

Sasa milioni moja. Najua uchungu wake, tena ni ya mkopo unaokatwa kwenye mshahara. Lakini usikubali milioni moja ikuvutie milioni 32. Angalieni kwanza kama mlipewa risiti, na imeandikwa nini. Kama haikuandikwa kwamba hairudishwi, mna pa kuanzia. Mume wako aende na fundi, aombe gari lipimwe kama nilivyoeleza. Wakikataa lisipimwe, au kilomita zikionekana zimerudishwa nyuma, aliyevunja makubaliano si ninyi, na hilo mliseme kwa maandishi mkidai pesa yenu. Wakigoma, malalamiko ya mnunuzi aliyedanganywa yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Na ikipita vipimo vyote, stika inasema kweli, oili ni safi? Hapo nitabadili neno langu: ichukueni, mbadilishe oili ya giaboksi kabla haijafika nyumbani, na muelewe kwamba kila kilomita 40,000 mnalo jukumu hilo hilo.

Usimlaumu baba watoto. Ameona siti saba na bei nzuri, akawawazia ninyi. Msomee hii barua jioni akiwa ametulia.

Desemba ikifika, ondokeni alfajiri ili Kitonga muipande mchana, watu wakiona. Ruaha Mbuyuni simameni hata kama hamjachoka, robo saa, watoto wanunue vitunguu vya bibi yao huku gari linapoa. Mkianza kupanda, achaneni na lori lililo mbele: acheni nafasi ili gari litembee taratibu bila kusimama simama, na joto likizidi zimeni AC mfungue vioo. Kwenye kurudi, mkiwa mnateremka, toeni gari kwenye D muweke gia ya chini, au L kama ni CVT yenye L, injini iwashikie mwendo. Breki zikae kwa ajili ya kona. Na Mikumi mpite jua likiwa bado lipo.

Msalimie mama mkwe. Mwambie namtakia macho mema.